Bunduki ya bei poa, na kwa nini mama alininunia

Nimekuwa kimya siku nyingi, mnisamehe. Shifti za usiku zimenibana, nikirudi nyumbani ni kuoga na kulala. Leo niko off, chai iko mezani, nimeona nitoe dukuduku langu.

Mwezi uliopita nilituma kwenye kundi la familia picha niko uwanja wa shabaha hapa Ohio, nimelala kifudifudi na bunduki. Lahaula! Mama alininunia wiki mbili. Alipopokea simu aliniuliza swali moja tu: "Tulikusomesha uuguzi ili ukajifunze kuua?" Simlaumu. Mjomba wetu alipoteza vidole viwili kwa gobole lililopasuka mkononi, na kwetu neno bunduki maana yake ni jambazi, askari au msiba. Kwa hiyo nawaeleza wote kwa pamoja, na mama atasomewa.

Kwanza, ile si bunduki ya vita. Ni ya .22, yaani mtutu wenye tundu la kama milimita 5.6. Risasi yake ilianza kutengenezwa mwaka 1887. Fataki yake haikai katikati ya kitako cha ganda, imejificha ndani ya ukingo, pini inagonga pale pembeni. Huku wanaitumia kwa kuwinda kuchakulo na sungura, kufundishia vijana kulenga, na kwa mashindano. Hata kwenye Olimpiki, shabaha ya mita 50 hupigwa kwa risasi hii. Haina teke begani na mlio wake ni mdogo, ingawa bado unavaa vizibo vya masikio na miwani. Lakini risasi yake inaweza kwenda zaidi ya maili moja, na ina uwezo wa kuua mtu. Shikeni hilo, nitalirudia.

Sasa kununua. Mimi nina green card, kwa hiyo sheria inaniruhusu. Unajaza fomu ya serikali, muuza duka anauliza FBI kama una kosa, ukipita unalipa. Yangu ni ya bolti, unapakia risasi moja moja kwa mkono wako, nililipa dola 219 kabla ya kodi. Jina la kampuni nalihifadhi, hili si tangazo. Majina mtakayosikia sana kwenye bei hizi ni Savage Mark II na Ruger 10/22, ambayo imekuwa ikitengenezwa tangu 1964.

Rafiki yangu mmoja, yuko huku kwa viza ya mwanafunzi, alipoona yangu akanipa hela nimnunulie na yeye. Mwenye viza kama yake kwa kawaida haruhusiwi, labda awe na kitu kama leseni halali ya kuwinda, naye hakuwa nayo. Nikakataa. Fomu inauliza waziwazi kama wewe ndiye mnunuzi halisi, na kudanganya pale ni kosa la jinai la serikali kuu. Ningeweza kupoteza leseni ya uuguzi na karatasi zangu, na ile hela ninayotuma kila mwezi ingeishia hapo. Aliniambia nimejifanya mzungu. Hatusalimiani mpaka leo. Inaniuma, ila nikiulizwa tena nitajibu vilevile.

Haya, turudi uwanjani. Siku ya kwanza, yadi 50, risasi tano. Matundu yalitapakaa kama mtu katupa mchanga, inchi tatu kutoka hili hadi lile. Wenzangu pale wakanipa ushauri wa bure: badilisha mtutu, badilisha kitako, nunua darubini ya dola 400. Nilikaribia kutoa kadi ya benki.

Ndipo uuguzi ukaniokoa. Mgonjwa akiwa hali mbaya, ukimbadilishia dawa tatu kwa mpigo, akipona hujui ipi imemponya, na akizidiwa hujui ipi imemdhuru. Unabadilisha kitu kimoja, unapima, unaandika. Nikanunua daftari la dola moja. Mpaka leo naamini ndicho kifaa bora nilichonunua katika shughuli hii yote.

Kitu cha kwanza nilikagua skrubu. Darubini nilikuwa nimefungiwa pale dukani, na skrubu mbili za chini zilikuwa zinacheza! Nikazikaza, pamoja na zile zinazoshika chuma kwenye kitako, kwa kipimo cha kitabu cha maelekezo maana kukaza kupita kiasi nako ni kosa. Inchi tatu zikawa moja na nusu. Gharama: sifuri.

Cha pili, risasi. Hapa ndipo penye siri yenyewe. Ganda la .22 watu kwa kawaida hawalijazi tena nyumbani, unategemea kiwanda kilivyopima baruti na fataki. Na kila mtutu una ulimi wake, kuna chakula unachokipenda na kuna unachokitema. Nilinunua boksi moja moja za aina sita, nikapiga mafungu matano matano kwa kila aina, nikaandika. Ile ya bei mbaya kuliko zote ilishika nafasi ya tatu. Iliyoshinda ni ya kawaida, dola sita boksi la risasi 50, yenye mwendo wa futi 1,070 kwa sekunde. Sababu inaeleweka. Zile za kasi, futi 1,200 na zaidi, huanza zikiwa zimeipita sauti, kisha hupungua na kuvuka mwendo wa sauti zikiwa bado hewani, na pale huyumba. Hii ya pole haivuki kitu, inakwenda zake taratibu mpaka mwisho. Ikanipa inchi moja kasoro.

Cha tatu, nilipitisha karatasi kati ya mtutu na kitako cha plastiki. Ilikwama upande mmoja. Msasa kidogo, ikapita. Darubini yenyewe hakikisha ni ya .22, iliyowekwa kwa yadi 50. Ya bunduki kubwa huwa imewekwa kwa yadi 100 au zaidi, na kwa umbali mfupi ukisogeza jicho kidogo msalaba nao unahama. Na ukisafisha, pitisha fimbo kutoka nyuma, usiukwaruze mdomo wa mtutu. Basi.

Kilichobaki kilikuwa mimi. Nilikuwa nikitoka shifti ya saa kumi na mbili napitia uwanjani, mikono inatetemeka kwa kahawa. Daftari likanisuta: siku nilizolala vizuri matundu yanakaa pamoja, siku za uchovu yanatawanyika. Hakuna mtutu wa dola 200 unaotibu usingizi. Siku hizi inchi moja kasoro robo naipata mara nyingi, na ninajipanga kwenda Camp Perry, kando ya Ziwa Erie humu humu Ohio, ambako wana mashindano ya bunduki za .22 za kawaida kama yangu.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu. Ukinunua bunduki ya bei poa, usiikimbilie kuipamba. Na hela ya kwanza kabisa, kabla ya darubini, iende kwenye kasha la chuma lenye kufuli. Nimemuuguza kijana aliyeumizwa na .22 iliyokuwa imeegeshwa nyuma ya mlango nyumbani kwao. Zaidi ya hapo sisemi, siri ya mgonjwa ni siri. Ila nilimsikia baba yake akirudia pale koridoni kwamba ni bunduki ndogo tu, ya kuchezea watoto. Hakuna bunduki ya kuchezea. Yangu inalala kwenye kasha, risasi ziko kasha jingine, ufunguo unao mimi tu. Sikuinunua kulinda nyumba, na anayeniuliza kama inafaa kwa wezi namwambia akanunue taa na kufuli.

Mama, jibu la swali lako ni hilo. Sikujifunza kuua. Kazini nashika maisha ya watu usiku kucha, na Jumamosi asubuhi nalala chini kwenye majani, napumua polepole, kwa saa moja hakuna kengele ya mgonjwa inayolia. Kama bado hujaridhika nitakuelewa, na kwenye kundi situmi tena picha ile. Ila kuacha, bado.

Msalimieni bibi. Wenye maswali niandikieni, nitajibu nikitoka shifti. Tuonane panapo majaliwa.