UKUNGU WA NJOMBE HAUJUI KAMA WEWE NI STAA!

Wadau, kuna klipu inazunguka mitandaoni wiki hii. Jina sitaji, wenyewe mnamjua. Mwamba yuko kwenye V8 lake, mkono mmoja usukani, mwingine simu, yuko live anaelekea Njombe kupiga shoo. Ni alfajiri, nje ukungu mzito mpaka mstari wa katikati ya barabara hauonekani. Anageuzia kamera kwenye dashibodi: mshale unacheza kwenye 120. Chini huko komenti kibao, moto moto, "baba lao", "mnyama kazini".

Mnyama kazini? Hebu tuambizane ukweli.

Ukiwa 120, gari linakula mita 33 kila sekunde. Ukiinamia simu sekunde 2 tu kusoma komenti ya shabiki, gari limeenda mita 66 halina dereva. Na kipupwe cha Juni na Julai kule Makambako na Njombe, kuna asubuhi hata mita 50 mbele huoni. Maana yake ukija kukiona kitu, ushakivaa tayari. Na vitu havikosekani: fuso la viazi limekufa njiani, limewekewa matawi badala ya pembetatu. Bodaboda haina taa. Mama ana kuni kichwani. Watoto wa shule wamejikunyata kwenye masweta yao. Hawamo kwenye live yako, ila barabarani wamo.

Najua watetezi mtakuja: "gari lake la kisasa, lina ABS". Sawa. ABS inazuia tairi zisijifunge ukikanyaga breki. Haikupi macho ya kuona ndani ya ukungu. Na ile mifuko ya hewa inakulinda wewe uliyekaa ndani, wa bodaboda hana.

Madereva wazoefu wa njia ile hawana mbwembwe. Taa full kwenye ukungu zinakurudishia mwanga machoni, kwa hiyo wanashusha, wanawasha za ukungu kama zipo. Wanatembea mwendo ambao wanaweza kusimama ndani ya kile wanachokiona. Hawaovateki. Hazadi wanaziacha kwa gari lililosimama, maana ukitembea nazo aliye nyuma hajui unakata kona upande gani. Ikishindikana kabisa wanatoka nje ya lami, sehemu salama, wanasubiri jua lipande. Hao ndio wanyama kazini, na hakuna anayewapa like.

Kinachoniuma zaidi ni siti za nyuma. Kuna madansa wamelala, kuna DJ, kuna dogo wa kubeba mabegi. Wanalipwa posho, wengine hata hiyo wanaidai. Nani hapo wa kumwambia bosi "bro, punguza mwendo"? Akisema, kesho nafasi yake ina mtu mwingine. Na mapromota nao wanapanga shoo usiku Iringa, kesho yake mchana Songea, halafu dereva alale saa ngapi?

Likitokea la kutokea, tunajua script. Picha nyeusi na nyeupe, mshumaa, "kazi ya Mungu haina makosa". Jamani, msimsingizie Mungu. Mwendo ni wa kwako, simu ni ya kwako, ratiba ni ya promota.

Na sisi mashabiki tusijifanye watakatifu. Kila moto unaouweka kwenye klipu ya namna ile ni mguu wako umeongezeka kwenye mafuta. Tukinyamaza, hawezi kurekodi nyingine, maana kiki bila watu haipo.

Staa wetu, tunakupenda, ndiyo maana tunakuchana. Ukichelewa kufika, watu watazomea nusu saa, ukipanda jukwaani wanasahau wanacheza. Usipofika, hakuna wimbo wa kuwarudisha wale wa siti ya nyuma.

Wewe unasemaje mdau? Ushawahi kukaa kwenye gari ukatamani kumwambia dereva apunguze ukaogopa? Tiririka hapo chini.