Tuliwapa Kambi, Tukawanyima Karatasi

Sisi watu wa Marambo tunapenda kujisifu kwa Msumbiji. Mgeni akifika Nachingwea hakosi kuambiwa kuwa hapa ndipo FRELIMO walipofunza wapiganaji wao, na kwamba Samora Machel aliishi kwetu. Ni kweli, na ni sifa ya haki. Ila ipo habari nyingine ya miaka ileile ambayo wageni hatuwasimulii.

Vita vilipoanza Septemba 1964, waliovuka Ruvuma hawakuwa wapiganaji peke yao. Walivuka kina mama na watoto mgongoni, wakulima, wazee. Serikali iliwapa makazi Rutamba, Lindi, na baadaye Matekwe, humuhumu Nachingwea. Uhuru ulipopatikana Juni 1975, wengi walirudi. Wengine walikuwa wameshapanda mikorosho, wameoa, wamezika. Wakabaki.

Wajukuu wao nimesoma nao. Tulichapwa fimbo moja, tukaimba wimbo mmoja wa taifa. Ulipofika umri wa kitambulisho, njia zikaachana. Mimi niliulizwa jina la babu, nikataja la Kimwera, yakaisha. Mwenzangu alipotaja la kwake, aliambiwa arudi na cheti cha kuzaliwa cha baba yake. Nauliza: ni wazee wangapi wa Marambo, wawe Wamwera, Wayao au Wamakua, walio na cheti hicho? Babu yangu hana. Tofauti ni kwamba mimi sikuombwa.

Kukosa namba ya kitambulisho si jambo dogo. Laini ya simu husajiliwa kwa jina la mtu mwingine. Malipo ya korosho hupitia benki, na benki hutaka kitambulisho. Kwa hiyo mkulima asiye na karatasi huuza kwa kangomba, usiku, kwa bei atakayopewa. Kisha tunamlaumu kwa kuuza kangomba.

Na sheria inasemaje? Kifungu cha 5 cha Sheria ya Uraia ya 1995 kinasema kila aliyezaliwa ndani ya Jamhuri ya Muungano, tangu siku ya Muungano, ni raia kwa kuzaliwa. Vighairi ni vichache, kama mtoto wa balozi wa kigeni. Lakini maofisini hudaiwa kwanza mzazi mmoja awe raia, sharti ambalo kifungu hicho hakikuliweka. Sheria yenyewe iliandikwa kwa Kiingereza, kwa hiyo anayenyimwa haki hana hata namna ya kujua kwamba amenyimwa.

Hapo ndipo ninapowageukia wenzangu wa vyuo vikuu na asasi. Utetezi tunaujua. LHRC ipo tangu 1995. DIGNITY Kwanza inafanya kazi ya wakimbizi. Mwaka 2014 Warundi zaidi ya laki moja na nusu, wa kizazi cha 1972, walipewa uraia. Lakini macho yetu yamezoea kambi. Tunaangalia Kigoma kwa sababu Nyarugusu inaonekana kwenye ramani. Mtu aliyeingia kijijini kimyakimya, akalima kimyakimya, hana kambi ya kupigwa picha, na semina ya hotelini Dar es Salaam haimfikii.

Kenya wametuonyesha njia. Wamakonde waliokwenda huko kufanya kazi kwenye mashamba ya mkonge na miwa walikaa miongo mingi bila utaifa wowote. Oktoba 2016 walitembea kwa miguu kutoka Kwale kwenda Nairobi, wakiungwa mkono na asasi kama KHRC. Rais akaagiza wapewe vitambulisho, na mwaka 2017 wakatambuliwa kuwa kabila la 43. Haki yao waliipata kwa miguu yao wenyewe, na wanasheria walitembea nao.

Najua jibu linalokuja: usalama. Cabo Delgado inawaka tangu Oktoba 2017, na Oktoba 2020 moto ulivuka hadi Kitaya, Mtwara. Hofu hiyo siidharau. Kitaya si mbali na kwetu. Lakini mwaka 2021 UNHCR ilitangaza kwamba maelfu ya waliokimbia vita hiyo wamerudishwa kwa nguvu kupitia Negomano, wengi wao wanawake na watoto. Nani amekuwa salama zaidi kwa hilo? Mtu aliyeandikishwa ana jina, kijiji na alama za vidole. Asiyeandikishwa ndiye asiyejulikana. Anayetaka usalama angekuwa wa kwanza kudai watu hawa waandikwe.

Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 inawatambua wasaidizi wa kisheria. Basi wapelekwe vijijini. Msimu wa mnada wa korosho ukifika, watu wote wako AMCOS. Waweke meza pale, wakisome kifungu cha 5 kwa Kiswahili, kwa sauti, wajaze fomu na mtu, na akikataliwa wadai jibu la maandishi, kwa sababu jibu la mdomo halikatiwi rufaa.

Hiyo si hisani kwa Msumbiji. Ni deni letu kwa majirani tunaokunywa nao maji ya kisima kimoja.