Sailensa Mbovu Si Kelele Tu



Dereva akimwambia tajiri kwamba sailensa imeharibika, jibu twalijua sote: "Gari si linakwenda?" Maana yake, maadamu injini yavuta na breki zashika, kelele ni taabu ya masikio tu, na masikio ni ya dereva. Sisi twalikataa jibu hilo. Sailensa na bomba lake ndivyo vinavyouchukua moshi wa injini hadi nyuma, mbali na watu waliokaa ndani. Vikitoboka katikati, moshi hutokea chini ya miguu ya dereva na turniboi.

Katika moshi huo mna gesi ya kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu. Gesi hii hung'ang'ania damu kwa nguvu inayopita ile ya oksijeni zaidi ya mara 200, hata damu ikashindwa kuupa mwili hewa ya kutosha. Mtu huumwa na kichwa, huona kizunguzungu na kichefuchefu, kisha husinzia. Fikirini gari linapanda Timboroa usiku wa baridi, vioo vyote vimefungwa. Dereva akisinzia hapo na gari likapinduka, asubuhi watasema alikuwa amelewa. Basi kumbukeni hili: kichwa kikiuma mkiwa garini na kupoa mkishuka, tena kikiwauma wote wawili kwa wakati mmoja, hiyo si malaria. Simamisheni gari, zimeni injini, tokeni nje mpate hewa.

Wenye malori ya dizeli wasijione wamepona. Ni kweli kwamba dizeli hutoa gesi hiyo kidogo kuliko petroli, lakini mwaka 2012 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani walitangaza kwamba moshi wa dizeli huleta saratani.

Watu wengi hudhani sailensa huharibiwa na mawe ya barabarani. Mawe yamo, lakini adui mkubwa yuko ndani. Lita moja ya petroli ikiungua hutoa karibu lita moja ya maji, nayo hupita bombani kama mvuke. Safari ikiwa ndefu bomba hupata moto na kukauka. Gari la kupeleka mizigo mjini, linalosimama kila duka, halipati moto huo. Maji hubaki, na kutu hula bati toka ndani huku nje rangi ingali nzuri. Kwa hiyo gari la safari fupi huoza kwanza, ingawa tajiri huliona ndilo lisilofanya kazi nyingi.

Dalili si ngumu. Injini ikinguruma kama trekta, mmechelewa. Kabla ya hapo husikika mlio mdogo wa "tss-tss" asubuhi injini ingali baridi, au kitu kugongagonga ndani kama mawe katika debe: hizo ni sehemu za ndani zilizokatika. Zikiziba njia, gari hukosa nguvu mlimani. Matone machache mwisho wa bomba asubuhi si kitu. Yakidondoka tumboni mwa sailensa, pana tundu. Bomba likiwa baridi, ligongeni kwa mpini wa bisibisi: bati zima hulia, lililooza hutoa sauti ya kufa. Fanyeni hayo uwanjani, si ndani ya gereji iliyofungwa.

Na ile kazi ya kufunga kopo la maziwa kwa waya? Hiyo hutuliza kelele na kuuacha moshi. Vijana wanaotoa matumbo ya sailensa kusudi gari lilie nao twawaambia waache.

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yamtaka mfanyakazi amjulishe msimamizi wake hatari kubwa anayoiona, na mwajiri haruhusiwi kumrudisha mahali penye hatari hiyo kabla haijaondolewa. Lakini neno la mdomo hukanwa. Andikeni katika kitabu cha gari: tarehe, namba ya gari, mlichosikia, nani aliumwa na kichwa. Nakala apewe mjumbe wa chama siku hiyo hiyo, kabla gari halijatoka tena. Polisi wakilisimamisha gari kwa kelele, mara nyingi mkono wao humshika aliye kwenye usukani, na mwenye gari yuko nyumbani. Karatasi hiyo ndiyo tutakayomwekea tajiri mezani tukidai sailensa mpya, kwa fedha zake, si kwa kukata mshahara wa dereva.