Pori lilikatwa. Sasa tupande matunda, na karatasi ya ardhi tuidai

Vijana wenzetu wa Lubumbashi, wa Likasi, wa Kipushi, na wote wenye kutusoma,

Toka mujini, shika barabara ya Kasenga ao ya Likasi. Utatembea kilometa nyingi bila kuona pori. Utaona visiki, nyasi, na alama nyeusi za pahali walichomea makala. Mibanga, milombwa, misuku, mingi ilishaingia ndani ya mifuko, ikapanda juu ya kinga na malori, ikakuja kuwaka ndani ya mbabula zetu. Hatutaki kumutukana mwenye kuchoma makala. Umeme wa SNEL unakuja siku yenye unataka, na bukari lazima iive. Yeye mwenye kuchoma na siye wenye kununua, wote tuko ndani ya mufuko mumoja.

Swali letu leo ni hili: ile ardhi iliyobaki wazi itakuwa nini, na itakuwa ya nani?

Tunajua njia yenye inafuata kila mara. Mwaka wa kwanza na wa pili, jamaa zinalima mahindi. Mwaka wa tatu ao wa ine bulongo inachoka, watu wanahama kukata pori ya mbele. Nyuma yao inabaki nyasi yenye kuwaka moto kila mwaka, mupaka siku moja mukubwa fulani wa mujini anafika na karatasi, anaweka bwa na kusema: hapa ni pangu. Siye tunasema kuko njia ingine: bustani ya matunda ya jamaa, palepale pori lilikatwa.

Miye mwenye kuandika niko na diplome ya agronomia, inalala ndani ya sanduku karibu miaka mbili, kazi hakuna. Lakini mambo yenye tulifundishwa hayana lazima ya kungojea biro. Tuyaseme hapa.

Bulongo yenye pori lilitoka haijakufa. Usingoe visiki vyote: mizizi inashika bulongo wakati mvua za Desemba na Januari zinapiga. Miti mingi ya kwetu inachipuka tena toka kisiki. Pa kila kisiki acha chipukizi moja ao mbili zenye nguvu, zingine kata. Kisha miaka kidogo uko na fito na kuni bila kugusa pori ingine. Musuku na mupundu uache kabisa, ni miti ya matunda yenye ilipandika bila jasho lako. Na pale makala ilichomewa, penye bulongo nyeusi na majivu, mara nyingi mahindi yanaota na nguvu kupita pembeni. Anzia pale na ndizi na papai.

Mashimo yachimbwe Septemba na Oktoba, mbele ya mvua: sentimeta 60 upana, 60 kwenda chini. Bulongo ya juu weka upande, ya chini upande mwingine. Ya juu changa na mboleo ya mbuzi ao ya kuku iliyooza, rudisha. Ondoa kila kipande cha mbao iliyokufa ndani ya shimo, juu muchwa unafuata ile. Panda wakati mvua imeshika kweli, Novemba ao Desemba. Muti wenye kupandwa Machi utakuta mvua inaisha Aprili na mizizi yake ingali mifupi. Kiangazi mupaka Oktoba kitaumaliza.

Muembe na avoka upe metre 10 toka muti mupaka muti mwingine. Muchungwa, mandarini na ndimu, metre 5 ao 6. Ndani ya kipande cha metre 50 kwa 50, miti mikubwa 25 inaenea bila kusongana. Katikati yao, miaka ya kwanza, panda karanga, maharagi, mahindi: jamaa inakula wakati miti inakomaa, na maharagi na karanga zinarudishia bulongo nguvu. Papai na ndizi zinaanza kutoa karibu kisha mwaka mumoja. Avoka na muembe wa grefe, miaka mitatu ao ine. Wa mbegu, mitano na zaidi. Mbegu ya avoka ni bure, iko ndani ya takataka ya soko zetu zote. Weka kichwa kilichochongoka juu, ndani ya sashe yenye bulongo, na pepinieri yako imeanza hata ndani ya lupangu ya mujini.

Na moto! Mwezi wa tano ao wa sita, mbele nyasi haijakauka, safisha njia ya metre 5 kuzunguka bustani yote. Muti wa miaka mitatu unakufa kwa saa moja ya moto wa Agosti.

Basi, kazi inajulikana. Mvua iko, inafika karibu milimeta 1.200 kwa mwaka. Mikono iko, vijana ndio tunajaa mitaani. Kinachokosa ni nini?

Kinachokosa ni usalama wa ardhi. Mahindi unapanda Novemba, unavuna Aprili. Hata wakikufukuza mwaka kesho, ulishakula. Avoka inakuomba miaka mitano. Nani atapanda muti wa miaka mitano juu ya ardhi yenye wanaweza kumutosha kisha miaka miwili? Kwa hiyo tukisikia bakubwa banasema ku redio, «bijana beko bavivu, habapende kulima», tunajibu: tupeni karatasi, kisha mutuhesabie miti.

Sheria ya ardhi ya 1973 inasema bulongo ni mali ya serkali peke yake. Kwa haki za watu wa mugini juu ya ardhi ya mababu, kifungu cha 389 kiliahidi ordonansi ya Rais. Kwa miaka zaidi ya 40 ile ordonansi haikutoka. Ndani ya lile tundu ndimo wanapita wenye pesa: mulimaji analipa chefu kuku, mbuzi, franka, anapewa neno la mudomo, kisha mwingine anatoka mujini na sertifika, na neno la mudomo linashindwa.

Kuko muti mumoja wa kushika ndani ya sheria, na watu wengi hawaujui. Dekre 14/018 ya 2 Agosti 2014 inaruhusu mugini kuomba pori la jamii mupaka hektari 50.000, bila kulipa ile ardhi, na bila mwisho wa miaka. Pahali kungali pori, wazee na vijana waombe mbele malori hayajafika. Pahali pori limeisha, lazima njia nyepesi ya kupewa karatasi kwa jamaa yenye inalima na kupanda.

Hatudanganye mutu: bustani ya matunda hairudishe miombo. Muembe hauko mubanga. Lakini ardhi yenye kivuli na chakula, yenye mutu anarudilia kila mwaka palepale, inapunguza sababu ya kwenda kukata mbele. Na wenye kusema «munaacha kudai kazi, munakimbilia jembe», tunawaambia: kudai ardhi ni kudai kazi.

Tunaomba basi mambo tatu:

1. Serkali ya jimbo na biro za kadastri zitoe karatasi ya bei ndogo kwa jamaa zinazolima ardhi iliyokatwa, kwa jina la bwana na la bibi pamoja. Dosie ibandikwe wazi pa mugini, kila mutu asome.

2. Ma chefu waache kuuza kipande kimoja kwa watu wawili. Kila neno la mudomo liandikwe, na mashahidi watie sini.

3. Kila mutaa ufungue pepinieri moja mbele ya mvua. Watu wa agronomia wenye kukaa bila kazi, tuko wengi, tuje tufundishe grefe bure.

Wewe mwenye kusoma: wiki hii kusanya mbegu kumi za avoka. Ndani ya lupangu yenu, ndani ya sashe, zianze kuota. Na umuulize baba yako, mama yako ao mujomba wa mugini swali moja: ardhi yetu, karatasi yake iko wapi? Kama hakuna, kazi yetu pamoja inaanzia hapo.