Nukta Nyekundu Haimjui Jirani Yako

Kifaa chenyewe ni kidogo, hakizidi kiberiti. Unakifunga chini ya mtutu wa bastola, unabonyeza kitufe, na ukutani kinatokea kinukta chekundu. Risasi, unaambiwa, itakwenda pale pale. Hakuna tena kupanga kijino cha chuma cha mbele katikati ya mwanya wa nyuma. Kwa mtu mwenye hofu, leza ni habari njema mno. Mimi nasema ni nusu ya habari, na penye bastola nusu ya habari inaweza kuua mtu.

Huku kwetu Dutwa, kando ya barabara ya Lamadi kwenda Bariadi, bastola si chombo cha kila nyumba. Mwenye nayo kihalali ni yule aliyepita polisi akapewa kibali chini ya sheria ya silaha na risasi ya mwaka 2015, na mara nyingi ni mfanyabiashara anayetembea na fedha. Mjomba wangu, mnunuzi wa ng'ombe, ni mmoja wao. Tangu apate leza ameacha kabisa mazoezi ya kulenga kwa chuma. Nilipomuuliza kwa nini, alicheka: "Mpwa wangu, wewe malizia shahada yako ya pili. Haya ya bastola tuachie wanaume."

Shikamoo, Mjomba. Sasa nijibu.

Nilipita JKT kwa mujibu wa sheria baada ya kidato cha sita, na nilicholetewa kwanza kilikuwa bunduki isiyo na risasi. Kijino, mwanya, pumzi, triga. Kijino, mwanya, pumzi, triga. Inachosha, na faida yake ndiyo hiyo. Jicho la binadamu haliwezi kuona vizuri vitu vitatu vilivyo umbali tofauti kwa wakati mmoja, kwa hiyo unafundishwa kuchagua: kijino cha mbele kionekane wazi, shabaha ibaki na ukungu kidogo. Kichwa kinajifunza subira, nao mkono unajifunza kwamba triga haivutwi kwa pupa bali inakandamizwa polepole. Mtu asiye na pesa ya risasi anaweza kufanya hivyo nyumbani. Hakikisha bastola ni tupu, hakikisha tena, risasi ziwe chumba kingine na mbele yako pawe na ukuta usiopitisha risasi. Weka sarafu ya shilingi 200 juu ya bastola, karibu na kijino, halafu vuta triga. Sarafu ikianguka, mkono wako bado.

Hapa niwe mkweli: leza nayo ina kazi. Katika zoezi hilo hilo la bastola tupu, nukta ukutani inaonyesha kila mtetemo na kila mshtuko wa kidole. Kama kioo cha kujitazama, ni mwalimu mzuri sana. Tena yupo mzee ambaye macho yake hayakioni tena kijino kilicho urefu wa mkono mbele yake. Huyo simnyimi leza yake.

Ubaya unaanza pale kioo kinapogeuzwa kuwa gongo la kuegemea. Aliyeanzia kwenye nukta anaiona ikicheza, naye huanza kuiwinda: inapopita katikati ya shabaha, anainyaka triga, na kwa kunyaka huko risasi inakwenda pembeni. Adhuhuri ya Agosti, jua la Simiyu likiwaka juu ya mashamba ya pamba yaliyokwisha kuvunwa, nukta nyekundu haionekani hatua chache tu mbele. Usiku inaonekana vizuri, lakini penye vumbi au moshi mwale wake unaonekana pia, na mwisho wa mwale huo umesimama wewe. Halafu leza imefungwa chini ya mtutu, si ndani yake, kwa hiyo njia ya nuru na njia ya risasi hukutana kwa umbali ule tu ulioipangia. Na betri ni betri. Kijino cha chuma hakina chaji ya kuisha.

Lakini hata leza ingekuwa kamilifu, ningebaki na neno. Nukta inakuambia risasi itakwenda wapi. Haikuambii itampata nani.

Wazazi wetu walikabili wezi wa ng'ombe wenye bunduki wakiwa na pinde na mishale. Sungusungu ilizuka Usukumani na Unyamwezini mwanzoni mwa miaka ya 1980, vita vya Kagera vya 1978-79 vikiwa vimeacha silaha nyingi mitaani, na mwaka 1989 sheria za mgambo zikarekebishwa ili kuitambua. Upinde hauna kijino wala mwanya, sembuse leza. Nguvu yao ilikuwa mwano: yowe likipigwa, kila kaya inatoka, watu wanaitana kwa majina, wanafuata nyayo. Sisemi walikuwa malaika. Walipiga na kuumiza watu kwa tuhuma tupu, wakiwemo vikongwe walioitwa wachawi. Ila tazama kosa lao lilikuwa wapi. Shabaha haikuwapungukia. Walipungukiwa uhakika wa nani na kwa kosa gani.

Sasa mweke Mjomba ndani ya usiku huo. Mbwa wanabweka, ng'ombe wanahangaika zizini, mwano unalia. Watu wanakimbilia kwake, na walio wengi ni majirani waliokuja kumsaidia. Kivuli kinaruka uzio wa minyaa. Nukta nyekundu inatua kifuani, safi kabisa, haitetemeki. Kifua cha nani?

Afrika Kusini swali hilo lilifika mahakamani. Usiku wa kuamkia tarehe 14 Februari 2013, Oscar Pistorius alipiga risasi nne kupitia mlango wa choo uliofungwa, akamuua mpenzi wake, Reeva Steenkamp. Alijitetea kwamba alidhani ni mwizi. Desemba 2015 Mahakama ya Rufaa ilimtia hatiani kwa mauaji, kwa hoja ambayo kila mwenye bastola angeikariri: ukipiga risasi kwenye mlango ukijua kuna mtu nyuma yake, ulijua anaweza kufa, awe nani awe nani. Risasi zilikwenda alikozielekeza. Mkono haukumwangusha.

Kwa hiyo, kabla ya kubishana chuma au leza, tupange mazoezi upya. Kwanza tochi, na iwe mkononi, isiwe imefungwa kwenye bastola, maana kummulika mtu ili umtambue kusiwe ndiyo kumlenga. Pili sauti: fanya mazoezi ya kuuliza "Nani wewe?" kwa nguvu, moyo ukiwa unadunda, na kusubiri jibu. Tatu mlango: jifunze kubaki ndani na watoto na kupiga simu, kwa sababu ng'ombe hufuatwa kwa nyayo asubuhi, na sheria yetu inaruhusu kujihami kwa nguvu inayolingana na hatari, si kwa nguvu ya hofu. Nne ndipo kijino na mwanya, mpaka sarafu isianguke. Leza iwe ya tano, kama kioo cha kukagua mkono.

Watatuambia dunia imesonga mbele, na sisi tunang'ang'ania vyuma. Isonge. Ila kazi ngumu kuliko zote hakuna kiwanda kilichoiweka kwenye betri: kusimama gizani umeogopa, kidole kikiwa nje ya triga, mpaka ujue ni nani. Anayeniambia kifaa chake kimemwokoa na mazoezi, namwomba kitu kimoja. Awaambie majirani zake, ili usiku mwano ukilia wajue ni nyumba ipi wasiikimbilie.