Mtaala wa Uingereza sawa, lakini ngazi ya mwalimu wetu iko wapi?

Vijana wenzangu, Septemba 2024 shule ya Charterhouse, iliyoanzishwa Uingereza mwaka 1611, ilifungua tawi Lagos, Nigeria, ikianza na shule ya msingi. Magazeti ya kule yaliandika kwamba ada ni naira milioni 42 kwa mwaka. Julai mwaka huohuo serikali ya Nigeria ilikuwa imepandisha kima cha chini cha mshahara hadi naira 70,000 kwa mwezi. Piga hesabu mwenyewe: mfanyakazi wa kima cha chini anahitaji mishahara ya miaka 50, bila kula wala kupanda daladala, ili mtoto wake asome mwaka mmoja.

Wengi waliishia kubishana kuhusu ada. Mimi ni mwalimu niliyesomea na bado niko mtaani, kwa hiyo swali langu ni jingine. Shule kama hizi zikifunguliwa kwenye nchi zetu, nani anaongoza, nani anafundisha, na nani anaishia kuwa msaidizi?

Tusidanganyane. Shule mpya ya mtaala wa Uingereza kuleta mkuu wa kwanza kutoka nje siyo dhambi. Wenye jina lao wanataka mtu anayeijua mitihani na anayejua wakaguzi wanatafuta nini. Hilo naliheshimu. Lakini mwaka wa kwanza ndio unaopanga kila kitu: nani mkuu wa idara, nani anakaa kwenye kikao cha uongozi, nani ana mkataba wenye nyumba, tiketi ya ndege na ada ya watoto, na nani ana mkataba wa "mwenyeji". Ukishapangwa hivyo, miaka kumi baadaye utakuta mkuu wa nne naye kashuka airport na begi lake, na mwalimu mwenyeji bado anafuta ubao.

Ukiuliza, jibu ni moja: "Tunalinda ubora." Haya, tuuangalie huo ubora. Februari 2023 serikali ya Uingereza yenyewe iliwaruhusu walimu waliosomea Nigeria, Ghana, Zimbabwe na Afrika Kusini, pamoja na nchi nyingine kadhaa, kuomba hadhi kamili ya ualimu ya England. Walitafutwa hasa wa hesabu, sayansi na lugha, kwa sababu kule walimu hawatoshi. Sasa hivi jamani, mwalimu wa fizikia anayefaa kusimama darasani Birmingham atashindwaje kuongoza idara ya sayansi Lagos? Sisemi Charterhouse inamkatalia. Nasema hoja ya ubora haiwezi kutumika tena kumfungia mtu mlango kwa sababu ya pasipoti yake.

Na serikali nazo zisijifiche. Februari 2024 Nigeria ilitangaza tozo ya dola 15,000 kwa mwaka kwa kila mkurugenzi mgeni na dola 10,000 kwa wageni wengine walioajiriwa. Wafanyabiashara wakapiga kelele, na Machi ikasitishwa. Hata kama ingebaki, tozo inajaza hazina tu. Haimfundishi mtu kuongoza shule.

Kwetu Tanzania sheria ipo. Sheria ya Kuratibu Ajira za Wageni ya mwaka 2015 inamtaka mwajiri aonyeshe kuwa alimtafuta mzawa mwenye ujuzi akamkosa, na awe na mpango wa kurithisha ujuzi huo kwa Watanzania. Kibali kinatolewa na Kamishna wa Kazi. Tatizo letu ni kwamba mpango huo unabaki kwenye faili, na mwananchi hana pa kuusoma.

Nimeliona mwenyewe. Shule moja ya mtaala huo, jina naliacha, iliniambia kwenye usaili kwamba nafasi ya Mtanzania ni mwalimu msaidizi. Niliyetakiwa kumsaidia alikuwa kijana mgeni ambaye hakuwahi kusomea ualimu. Mimi nina shahada ya ualimu na mafunzo ya vitendo. Msaidizi nani hapo?

Kwa hiyo madai yetu yawe haya. Kwanza, kila shule mpya ya mtaala wa kigeni itangaze mpango wake wa urithishaji: cheo gani, kwa nani, mwaka gani. Pili, naibu mkuu wa taaluma awe mzawa tangu siku ya kwanza, mwenye mamlaka ya kweli, siyo wa kupigwa picha siku ya ufunguzi. Tatu, kazi moja iwe na ngazi moja ya mshahara, haijalishi mtu katokea Leeds au Lindi.

Haya hayamfukuzi mgeni. Mgeni mwenye ujuzi karibu sana, atufundishe, na siku akiondoka aache mtu kwenye kiti chake. Wewe unayesoma hapa, kama unafanya kazi kwenye shule hizi, ulizia huo mpango wa urithishaji. Kama una mbunge au diwani wetu karibu, mpelekee swali hili aliulize kwenye kikao. Walimu tunao. Tunachodai ni ngazi ya kupandia.