Shahada na Deni Lake

Mtu anunuapo ng'ombe hutazama meno, kiwele na mwendo wake kabla ya kufungua mfuko. Anunuapo shamba huuliza mipaka, maji na hati. Hiyo ni hekima ya kale, na hakuna mzee wa Bungoma wala wa Kitale asiyeijua. Lakini ifikapo zamu ya kununua shahada ya chuo kikuu, ambayo huenda ikamgharimu mnunuzi zaidi ya thamani ya ng'ombe watano, watu wale wale wenye hekima hufumba macho, hutoa fedha na kushangilia. Haulizi mtu itazaa nini, wala italipwa lini. Jina lake linatosha.

Maneno haya ni ya kupinga desturi hiyo, na yanasemwa nawe, msomaji kijana, kwa sababu wewe ndiwe utakayelipa.

Zamani kijana wa magharibi mwa Kenya aliyetaka elimu ya juu alisafiri mbali kuitafuta. Leo Chuo Kikuu cha Kibabii, kilichoanza mwaka 2011 kikiwa tawi la Chuo Kikuu cha Masinde Muliro na kupata hati yake mwaka 2015, kiko karibu na mji wa Bungoma, na vyuo vikuu vimeenea nchini. Ujirani huo ni neema. Walakini umezaa dhana mbaya, kwamba kitu kikisogea karibu bei yake imeshuka. La hasha! Mlango umesogea, bei haikusogea.

Chukua mfano wa shahada ya teknolojia ya uhandisi mitambo, inayofundishwa katika baadhi ya vyuo vyetu. Ni elimu ya injini, pampu, tanuri za mvuke, joto na chuma. Ni elimu njema, na nchi inayotaka viwanda haiwezi kuikosa. Sina neno la kuidharau. Neno langu ni juu ya washauri wanaomwambia kijana, "Soma tu, kazi itakuja, na deni ni la serikali." Sentensi hiyo ina makosa mawili, na kila kosa lina gharama yake.

Kosa la kwanza ni juu ya deni. Deni si la serikali; ni lako. Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu iliundwa kwa sheria mwaka 1995, na kazi yake si kukopesha tu, bali pia kudai. Riba yake ni 4 kwa mia kwa mwaka, nayo ni nafuu ukiilinganisha na riba ya benki. Mkopaji hutakiwa kuanza kulipa mwaka mmoja baada ya kumaliza masomo. Asiyelipa hutozwa faini ya shilingi 5,000 kwa kila mwezi unaopita, na jina lake hupelekwa kwa wale wanaoweka kumbukumbu za wadaiwa sugu, hata benki zikamkwepa.

Sasa tufanye hesabu, maana mali bila daftari hupotea bila habari. Tuseme kijana amekopa shilingi 60,000 kila mwaka kwa miaka minne. Deni lake ni 240,000. Riba ya mwaka mmoja ni 9,600, yaani 800 kwa mwezi. Mzigo huo mtu mwenye kazi anaweza kuubeba. Lakini akikaa bila kulipa, faini peke yake ni 60,000 kwa mwaka. Kwa miaka minne ya kukosa kazi faini inakuwa 240,000, sawa na deni lenyewe. Mwaka 2022 Mahakama Kuu iliamua kwamba riba na faini zisizidi fedha zilizokopwa. Hukumu hiyo ni ya haki, lakini isome vizuri: inazuia deni lisipite maradufu, haizuii lisifike maradufu. Kukopa harusi, kulipa matanga.

Kosa la pili ni juu ya chumo. "Kazi itakuja." Itoke wapi? Tazama nchi yako mwenyewe. Kwa miaka mingi fundi mitambo wa sehemu hizi alitegemea viwanda vikubwa vitatu. Kiwanda cha karatasi cha Webuye kilifungwa mwaka 2009, na mji mzima ukanywea. Kilipopata mmiliki mwingine miaka kadhaa baadaye hakikurudi katika fahari yake ya kwanza. Kiwanda cha sukari cha Mumias kiliwekwa chini ya mrasimu wa wadai mwaka 2019. Kiwanda cha sukari cha Nzoia, kilichoanza kusaga miwa mwaka 1978, kililemewa na madeni, wafanyakazi wake wakakaa miezi mingi bila mishahara, na mwaka 2025 serikali ikakikodisha kwa kampuni ya watu binafsi. Mashine zilikuwapo, mafundi walikuwapo. Mshahara ndio uliokosekana. Hapo ndipo ilipo tofauti kubwa kati ya deni na chumo: deni lina tarehe, chumo halina.

Tena kuna jambo ambalo washauri wengi hawalijui, au wanalijua na kulinyamazia. Si kila shahada yenye neno "uhandisi" humfanya mtu kuwa mhandisi mbele ya sheria. Bodi ya Wahandisi, iliyo chini ya sheria ya mwaka 2011, huandikisha wahandisi. Wataalamu wa teknolojia ya uhandisi na mafundi sanifu huandikishwa na bodi nyingine, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2016. Njia zote mbili ni za heshima, lakini ni njia mbili, na hazifiki mahali pamoja kwa cheo wala kwa ujira. Basi kijana anayeweka deni lake juu ya mshahara wa mhandisi, huku akisomea cheti cha njia ya pili, amepima nguo kwa mwili wa mtu mwingine.

Yumkini mtu atasimama na kusema: "Wewe unawatisha watoto wa maskini. Mtoto wa tajiri hatapima deni; atasoma, na maskini atabaki na spana mkononi." Hoja hiyo ina uzito, nami siipuuzi. Aliyesoma aghalabu humpita asiyesoma kwa chumo la maisha yote, na mkopo ndio ngazi pekee ya wengi. Lakini jibu langu ni hili: mtoto wa tajiri akikosea, baba yake hulipa; mtoto wa maskini akikosea, hulipa yeye, na huenda shamba la mama yake likalipa pamoja naye. Kwa hiyo anayehitaji mizani kuliko wote ni maskini. Kumnyima mizani hiyo kwa jina la kumtia moyo ni kumdhulumu kwa tabasamu.

Wala spana si aibu. Kitale kuna chuo cha taifa cha ufundi, Bungoma kuna Sang'alo na Kisiwa, na Kimilili kuna Matili. Kijana aweza kuanza na stashahada kwa gharama ndogo, akafanya kazi ya matrekta na mashine za kuvuna mahindi za Trans Nzoia, au za vinu vya unga na pampu za maji, kisha akapanda kwenda chuo kikuu akiwa na ustadi mkononi na akiba mfukoni. Huyo amechelewa miaka michache, lakini hadaiwi miaka mingi.

Basi, kabla hujajaza fomu, uliza maswali manne na usiridhike na jibu la kicheko. Masomo haya yatanigharimu kiasi gani hata mwisho, chakula na kodi ya nyumba zikiwamo? Bodi gani itaniandikisha, na je, imekubali masomo ya chuo hiki? Waliohitimu miaka mitatu iliyopita wanafanya kazi wapi, na wanalipwa nini? Na nikikosa kazi mwaka mzima, nitalipa kwa nini?

Majibu yakiwa mema, kopa bila hofu, soma kwa bidii, na ulipe kwa uaminifu, maana dawa ya deni ni kulipa. Majibu yakiwa mabaya, geuza njia mapema, wala usione haya mbele ya wanaoshangilia. Siku ya sherehe watakuwa wengi kando yako. Siku ya kulipa utakuwa peke yako.